John Hutchinson na Kipimo cha Pumzi Zetu

Yeyote aliyewahi kupita Obunga, kitongoji kilichoko ukingoni mwa mji wa Kisumu, ataukumbuka moshi kabla ya kukumbuka kitu kingine chochote. Huko akina mama hununua mifupa ya mbuta iliyokwisha kuondolewa minofu viwandani, wakaikausha, wakaikaanga na kuiuza kwa jina ambalo kila mkazi wa ukanda wa ziwa analifahamu, yaani mgongo wazi. Minofu huenda ng'ambo. Mgongo hubaki kwetu. Moshi nao huingia kifuani mwa mama aliyeinamia karai tangu alfajiri.

Swali ninalokusudia kulizungumzia leo, ndugu msomaji, ni hili: nani amewahi kuipima pumzi ya mama huyo, na akiipima, ataifananisha na pumzi ya nani? Ili tulijibu swali hilo barabara, hatuna budi kurudi nyuma hadi karne ya kumi na tisa na kuyatazama maisha ya bwana mmoja ambaye jina lake halijulikani sana katika mabaraza yetu, ingawa hakuna tabibu wa kifua popote duniani asiyeitumia kazi yake. Bwana huyo ni John Hutchinson, Mwingereza, mwasisi wa kipimo cha ujazo wa pumzi.

Hutchinson alizaliwa mwaka 1811 huko Ryton, karibu na mji wa Newcastle, eneo lililosifika kwa makaa ya mawe. Alisomea udaktari mjini London na kuhitimu upasuaji. London ya ujana wake ilikuwa mji wa moshi na kifua kikuu. Maradhi haya yalikuwa yakiua matajiri kwa maskini, na hakuna aliyejua chanzo chake, maadamu vijidudu vyake havikugunduliwa hadi mwaka 1882, Robert Koch alipovitangaza mjini Berlin. Eksirei nayo haikupatikana hadi mwaka 1895. Chombo pekee cha maana alichokuwa nacho daktari wa kifua kilikuwa ni kile cha kusikilizia, alichokibuni Mfaransa Laennec mwaka 1816. Laennec mwenyewe alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1826, licha ya kuwa yeye ndiye aliyewafundisha wengine namna ya kuitambua sauti ya maradhi hayo.

Hutchinson hakuridhika na kusikiliza. Sikio la daktari mmoja si sikio la mwingine, na lisikiwalo leo haliwezi kuwekwa kwenye mizani likalinganishwa na lililosikiwa mwaka jana. Alitaka tarakimu. Basi akatengeneza chombo alichokiita spirometa, nasi twaweza kukiita kipimapumzi. Umbo lake halikuwa na siri kubwa. Palikuwa na pipa la maji, na ndani yake chombo kingine kilichofudikizwa, chenye kuning'inizwa kwa kamba na vizani ili kisilemee. Mtu alivuta pumzi kadiri ya uwezo wake, akapuliza katika bomba hadi asibakiwe na cha kupuliza. Hewa ilikisukuma juu kile chombo kilichofudikizwa, na vipimo vilivyochorwa ubavuni vikasema ni kiasi gani kimetoka.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu, na jambo linalonivutia mno katika kazi ya Hutchinson ni kwamba alitambua kuwa kitu kisichokuwa na jina hakipimiki. Hewa iliyomo kifuani aliigawa mafungu manne, na kila fungu akalipa jina. Lipo fungu tunalovuta na kulitoa bila kufikiri, kiasi cha nusu lita hivi kwa mtu mzima. Tuliite hewa ya kawaida. Lipo fungu tunaloweza kuliongeza tukivuta kwa nguvu. Hiyo ni hewa ya nyongeza. Lipo tunaloweza kulitoa zaidi tukipuliza kwa nguvu. Hiyo ni hewa ya akiba. Mwisho, lipo fungu lisilotoka hata mtu apulize namna gani, ambalo hubaki ili mapafu yasikunjamane. Hiyo ndiyo hewa baki, na hakuna spirometa inayoweza kuipima. Mafungu matatu ya kwanza yakijumlishwa, alisema Hutchinson, huwa ndio ujazo wa uhai. Hakulichagua jina hilo kwa ajili ya mapambo. Aliamini kwamba kiasi hicho cha hewa kinatabiri uhai wa mtu.

Kiswahili chetu kingemfaa sana katika fikra hiyo, kwani sisi tumekwisha kuyaunganisha mambo haya katika shina moja la neno. Pumzi, pumua, pumzika na pumu ni ndugu wa tumbo moja. Mwenye pumzi hupumua, aliyechoka hupumzika, na aliyezuiwa pumzi ana pumu.

Mwaka 1846 Hutchinson aliwasilisha matokeo yake mbele ya chama cha waganga na wapasuaji wa London. Alikuwa amepima watu 2,130, na idadi hiyo iliendelea kukua baadaye. Aliwapima mabaharia, wazimamoto, askari polisi, wanajeshi, wapiga chapa, mabondia, mafukara na waungwana. Ndugu msomaji na aliangalie sana jambo hili: jedwali lake lilipangwa kwa kufuata kazi za watu. Alitaka kujua jinsi ambavyo baharia hupumua na jinsi ambavyo mpiga chapa hupumua.

Katika tarakimu hizo aliona utaratibu ambao hakuna aliyeutarajia. Ujazo wa uhai haukufuata unene wa kifua wala uzito wa mwili, bali ulifuata urefu wa mtu. Kwa kila inchi moja ya kimo, kati ya futi tano na futi sita, hewa iliongezeka kwa inchi za ujazo nane, yaani takriban mililita 130. Umri nao ulipunguza. Kwa hiyo, ukijua kimo cha mtu na umri wake, waweza kukadiria pumzi anayostahili kuwa nayo, na akikosa kuifikia, una haki ya kuuliza kuna nini.

Kisa kimoja katika maandishi yake kinashinda majedwali yote. Mwaka 1842 alifika London bondia kutoka Marekani aliyeitwa Freeman, pandikizi la mtu mwenye kimo cha karibu futi saba. Hutchinson alimpima akapata ujazo wa lita saba hivi, jambo la ajabu hata kwa jitu kama hilo. Baada ya miaka miwili Freeman alirudi akiwa dhaifu. Alipopuliza tena, kiasi kikubwa cha ile hewa ya awali kilikuwa kimetoweka, ilhali waliomsikiliza kifua hawakuwa na yakini ya kuwako kwa maradhi. Mwaka 1845 Freeman alifariki kwa kifua kikuu. Kipimapumzi kilikuwa kimeyaona yale ambayo sikio halijayasikia. Naomba msomaji akihifadhi kisa hiki, kwa kuwa tutakirudia.

Hata hivyo, haifai kumpamba Hutchinson kwa sifa za malaika. Aliifanyia kazi kampuni ya bima ya maisha, nayo ilikipenda kipimapumzi kwa sababu zake. Anayekata bima ya maisha huku mapafu yake yameoza ni hasara kwa kampuni. Hivyo, chombo kilichobuniwa kumtambua mgonjwa mapema ili atibiwe kilikuwa vilevile chombo cha kumtambua mapema ili akataliwe. Kipimo ni kama panga. Hulima na hujeruhi, kutegemea mkono ulioshika mpini.

Mwaka 1852, jina lake likiwa limeenea, Hutchinson aliiacha London, akaiacha na familia yake, akasafiri hadi Australia, katika koloni la Victoria lililokuwa limewaka kwa homa ya dhahabu. Kwa nini mtu aliyefikia kilele cha elimu yake aliamua kuyafuata machimbo ni siri aliyozikwa nayo. Mwaka 1861 aliondoka huko akaelekea visiwa vya Fiji, na mwaka huohuo akafariki, akiwa na umri wa miaka hamsini hivi. Malkia aliyelipa jina lile koloni la dhahabu ndiye aliyelipa jina ziwa letu, baada ya Speke kulifikia mwaka 1858 kutoka upande wa kusini. Kisumu, iliyokuja kuitwa Port Florence, ilifikiwa na reli mwaka 1901, miaka arubaini baada ya Hutchinson kuzikwa. Yeye hakukanyaga kwetu. Kipimo chake ndicho kilichofika.

Kilifika kikiwa kimeboreshwa. Mwaka 1947, Mfaransa Robert Tiffeneau alionyesha kwamba kujua kiasi cha hewa inayotoka hakutoshi, bali yafaa pia kujua ni kiasi gani kinatoka katika sekunde ya kwanza. Hadi leo kipimo hufanyika hivyo. Mgonjwa hubanwa pua kwa kibanio, huvuta pumzi hadi kifua kijae, kisha hupuliza ghafla kwa nguvu zake zote na kuendelea kupuliza mpaka pumzi imwishe. Hurudia angalau mara tatu, kwa kuwa anayepuliza kwa uvivu huonekana mgonjwa. Mwenye mapafu mazima hutoa sehemu kubwa ya hewa yake katika sekunde hiyo moja. Ikipungua asilimia 70 ya hewa yote aliyoitoa, daktari hushuku kwamba njia za hewa zimebanwa, kama zibanwavyo na pumu au na maradhi yaletwayo na moshi wa miaka mingi. Hapo mgonjwa huvutishwa dawa ya kupanua njia za hewa na kupulizishwa tena. Nafuu kubwa huashiria pumu. Ikiwa jumla yote ya hewa ndiyo iliyopungua, huenda mapafu yenyewe yamesinyaa, kwa makovu ya kifua kikuu, kwa mfano.

Hata hali ya mahali huingia katika hesabu. Hewa itokayo kifuani hupoa na kunywea, na Hutchinson aliisawazisha kwa baridi ya London, nyuzi 60 za Fahrenheit, ambazo ni kama nyuzi 15 na nusu za Selsiasi. Kisumu iko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, na mchana joto lake hukaribia nyuzi 30. Mashine isiyoelezwa mambo hayo itatoa tarakimu zenye kasoro.

Lakini kasoro kubwa haikuletwa na joto. Tarakimu ya pumzi peke yake ni bubu. Husema tu ikilinganishwa na tarakimu za watu wengine. Basi ni watu gani? Hutchinson aliwapanga watu kwa kimo, umri na kazi. Waliomfuata huko Marekani waliwapanga kwa rangi. Samuel Cartwright, daktari wa majimbo ya kusini aliyekuwa mtetezi wa utumwa, alikichukua kipimapumzi akadai kwamba mapafu ya Mwafrika ni pungufu kwa maumbile, na kwamba kazi ya kulazimishwa shambani inamfaa kwa afya yake. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Benjamin Gould alitoa kitabu mwaka 1869 kilichojaa vipimo vya askari, naye akaandika kwamba weusi wana pumzi chache kuliko weupe. Yale waliyoyapitia weusi hao, njaa, msongamano, vumbi na maradhi, hayakupewa safu katika jedwali.

Madai hayo hayakuzikwa na waliyoyatoa. Yaliingia ndani ya mashine. Kwa miaka mingi vipimapumzi vya Marekani vilikuwa vikipunguza asilimia 10 hadi 15 ya pumzi inayotarajiwa mara fundi aandikapo kwamba anayepimwa ni mweusi. Maana yake ni kwamba mweusi aliyepoteza sehemu ya pumzi zake aliweza kuambiwa kwamba yu mzima, kwani kiasi hicho kilikuwa kimekwisha kusamehewa na mashine. Mwaka 1999, kampuni moja ya huko iliyoshtakiwa kwa madhara ya asbesto ilitaka wafanyakazi weusi waonyeshe madhara makubwa zaidi kuliko wenzao weupe kabla ya kudai fidia. Majedwali ya kimataifa ya mwaka 2012, yaliyotokana na watu 74,187, yalikuwa na weusi 3,545 tu katika fungu lao, nao walikuwa Wamarekani. Mwafrika wa Afrika alikadiriwa kwa kupitia kwa binamu aliyechukuliwa utumwani. Hatimaye, mwaka 2023, chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilipendekeza majedwali yasiyouliza rangi yatumike.

Je, tatizo limekwisha? La hasha. Yupo atakayesema kwamba dawa ni Waafrika kuwa na jedwali lao wenyewe, na rai hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini tuangalie yaliyoonekana Blantyre, Malawi. Watu wazima wa mji huo walipopimwa na kulinganishwa na Wamarekani weupe, wengi walionekana kuwa na mapafu madogo. Walipolinganishwa na jedwali la wenyeji, idadi ya wagonjwa ilishuka sana. Ni lipi la kweli? Kama jamii nzima imekulia katika moshi wa kuni, ikaugua nimonia utotoni na kukosa lishe, basi wastani wa jamii hiyo ni wastani wa watu waliokwisha kudhurika. Kumpima mama wa Obunga kwa majirani zake wa Obunga ni kumwambia kwamba yu sawa kwa sababu wote wamepungukiwa. Kumpima kwa watu wa mbali nako huweza kumtangaza mgonjwa asiyekuwa mgonjwa, na kumkosesha kazi au upasuaji anaouhitaji.

Hapa ndipo ninapomrudia Freeman. Hutchinson alipoona kwamba bondia yule anakufa, hakuhitaji jedwali lolote. Kwa jedwali, Freeman aliyerudi mwaka 1844 bado alikuwa na hewa nyingi kuwashinda wanaume wengi wa London. Kilichomtisha daktari ni kwamba Freeman alikuwa amepungukiwa na Freeman. Alimpima mtu kwa mtu yuleyule wa miaka miwili nyuma. Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake, na katika jambo hili naona walikuwa matabibu.

Mapafu ya binadamu hukua hadi kufikia miaka ya ishirini na kitu, kisha huanza kupungua polepole, kiasi cha mililita 30 hivi kwa mwaka kwa ile hewa ya sekunde ya kwanza. Moshi huiharakisha safari hiyo. Anayesubiri mpaka ashindwe kupanda mlima wa Riat kabla ya kupimwa, atakuwa amekwisha kupoteza kisichorudi. Lakini aliyepimwa akiwa kijana, akapimwa tena baada ya miaka kadhaa, atauona mteremko kabla haujawa poromoko.

Sisi tunayo desturi inayofanana na hiyo. Kila mama wa Kisumu, Siaya au Homa Bay huijua kadi ya kliniki ambayo juu yake uzito wa mtoto huandikwa mwezi baada ya mwezi. Muuguzi haridhiki na kumlinganisha mtoto na watoto wengine tu. Hutazama mstari wake mwenyewe, na mstari ukiinama huuliza maswali. Kwa nini mkaanga samaki, mvuvi wa omena, mkataji miwa wa Chemelil na mhudumu wa bodaboda wasiwe na kadi ya pumzi? Kwa nini aliyemaliza dawa za kifua kikuu aage kliniki bila kupuliza hata mara moja ili ijulikane kovu limechukua kiasi gani? Wataalamu tunao. Kituo cha KEMRI kilichoko Kisian kimewafuatilia wakazi wa Asembo na Gem, nyumba kwa nyumba, tangu mwaka 2001, na dunia nzima imenufaika kwa elimu ya malaria iliyotoka huko. Watu waliojifunza kutuhesabu kwa uangalifu kiasi hicho hawawezi kushindwa kuzihesabu pumzi zetu.

Na kadi hiyo, ikipatikana, iwe na safu ya kazi kama jedwali la Hutchinson lilivyokuwa, na isiwe na safu ya kabila wala ya rangi. Iandikwe kwamba huyu hukaanga samaki kwa kuni saa kadhaa kwa siku, kwamba yule hulala katika chumba chenye koroboi. Jedwali la namna hiyo litatuonyesha penye kuhitaji meko yenye dohani na mahali panapostahili fidia. Jedwali la rangi hutuonyesha rangi tu, nayo tulikwisha kuiona.

John Hutchinson alikufa mbali na kwao, bila ya mali wala dhahabu ya kusifika, lakini aliacha swali jepesi ambalo kila mtu mwenye kifua anaweza kuulizwa: una pumzi kiasi gani? Kwa muda mrefu swali hilo limeulizwa ili kumnufaisha mwenye bima, mwenye watumwa na mwenye kiwanda. Wakati umefika lije ufukoni mwa ziwa, liulizwe kwa ajili ya anayepumua. Mama wa Obunga ataweka karai chini, atavuta pumzi mpaka kifua kijae, na atapuliza. Tarakimu itakayoandikwa siku hiyo itakuwa yake. Mwaka ujao, atakaporudi, hatalinganishwa na mtu wa London wala wa Chicago. Ataulizwa habari za yeye mwenyewe.